Ghuba ya Chwaka: Laguni Isiyo na Mto

Barabara itokayo mjini Zanzibar kuelekea mashariki hupita kwanza katika mashamba ya minazi, miembe na migomba, ambako udongo ni mwekundu na wenye kina. Baada ya Dunga, yalipo magofu ya jumba la Mwinyi Mkuu, miti mirefu huanza kupungua. Ardhi huwa ya mawe yenye ncha, yaliyofunikwa na vichaka vifupi. Wenyeji huiita uwanda, na mkulima wa uwanda hupanda mbegu zake katika vijishimo vya udongo vilivyo kati ya jiwe na jiwe. Kilometa 30 na ushei kutoka mjini, barabara hufika Chwaka, na mbele yake ipo bahari.

Msafiri afikaye hapo saa kumi jioni siku ya bamvua huona ghuba pana ya maji ya kijani, yaliyofika karibu na milango ya nyumba za pwani. Akirudi kesho yake saa nne asubuhi, hukuta maji yametoweka. Mahali palipokuwa na bahari pana mchanga, matope, madimbwi na majani marefu yaliyolala chini kama nyasi zilizopigwa na mvua. Wanawake wanatembea humo mpaka mbali, wengine wakifuata mashamba yao ya mwani, wengine wakitafuta chaza na pweza. Maji yakijaa kabisa wakati wa bamvua, ghuba hii hufunika kiasi cha kilometa za mraba 50. Yakipwa kabisa hubaki kama 20 tu. Ni maeneo machache ya Unguja ambayo ramani yake hubadilika kiasi hicho mara mbili kila siku.

Ghuba ya Chwaka iko pwani ya mashariki ya kisiwa cha Unguja, kidogo kusini ya mstari wa digrii 6 za latitudo ya kusini. Upande wa magharibi vipo vijiji vya Chwaka, Marumbi na Uroa. Upande wa mashariki imekingwa na rasi ndefu ya Michamvi. Kusini maji huishia katika msitu wa mikoko, karibu na Charawe na Ukongoroni. Mlango wake umeelekea kaskazini-mashariki, nao umezibwa nusu na mwamba wa matumbawe ambao huvunja mawimbi ya Bahari ya Hindi. Maji ya pwani yaliyozuiliwa kwa namna hiyo, ambayo hupumua na bahari kuu kupitia milango michache, wanajiografia huyaita laguni. Kwa mkaazi wa Chwaka neno hilo halina faida kubwa, kwa kuwa yeye ana majina yake kwa kila fungu la mchanga, kila mkondo na kila mlango wa mwamba.

Jambo la kwanza linalomshangaza mchunguzi wa mahali hapa ni kwamba hakuna mto hata mmoja unaoingia katika ghuba hii. Huko bara, delta ya Rufiji hulishwa na mto mkubwa ambao hukusanya udongo na rutuba kutoka maeneo ya mbali ya nchi na kuyamwaga pwani. Chwaka haina msaada wa namna hiyo. Hata hivyo ina mchanga mwingi, ina msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko katika Unguja, na imelisha vijiji vyake kwa vizazi vingi. Vitu hivi vinatoka wapi?

JIWE LILILOKUWA HAI

Jibu linaanzia katika jiwe lenyewe. Uwanda wote wa mashariki ya Unguja ni matumbawe ya zamani. Kiasi cha miaka 125,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kwa meta kadhaa kuliko ilivyo leo, na sehemu kubwa ya ardhi hii ilikuwa mwamba hai chini ya maji. Kisha dunia ikapoa, maji mengi ya bahari yakageuka kuwa barafu katika nchi za kaskazini na kusini, na bahari ikashuka. Miaka kama 20,000 iliyopita ilikuwa chini ya usawa wa leo kwa meta 120 hivi. Kwa vile mlango wa bahari ulio kati ya Unguja na bara una kina cha makumi machache tu ya meta, wakati huo palikuwa pakavu, na mnyama aliweza kutembea kutoka Bagamoyo hadi Unguja bila kulowesha miguu. Pemba, iliyotengwa na bara kwa kilindi cha mamia ya meta, ilibaki kisiwa. Kima punju wa Unguja, anayeonekana leo katika msitu wa Jozani na kwenye mikoko iliyo jirani, ni wa jamii ambayo ndugu zake wako bara.

Katika zama hizo Ghuba ya Chwaka haikuwapo. Palikuwa na bonde la mawe tu. Barafu ilipoyeyuka bahari ikapanda tena, na kiasi cha miaka 6,000 au 7,000 iliyopita ikakaribia kimo chake cha sasa na kuliingia bonde hilo. Kwa hesabu ya jiolojia, basi, ghuba hii ni mtoto mchanga, na mikoko yake, majani yake na mafungu yake ya mchanga ni mambo ya juzi.

Jiwe la matumbawe limejaa matundu na nyufa. Mvua ya masika inaponyesha juu ya uwanda haikusanyiki kuwa kijito, bali huzama palepale. Maji hayo husafiri chini ya ardhi na kutokea tena pwani, aghalabu chini ya mstari wa maji makuu, ambako mtu anayetembea wakati wa kupwa huona vijichemchemi vikibubujika katika mchanga. Hiyo ndiyo sababu pia visima vya pwani hii vina maji ya chumvichumvi, kwa kuwa maji matamu huelea juu ya maji ya bahari ndani ya jiwe lilelile, na ndoo ikichotwa kupita kiasi chumvi hupanda. Maji haya ya chini ndiyo badala ya mto. Lakini ni maji yaliyochujwa, hayabebi udongo.

MAJI YANAYOKWENDA NA KURUDI

Kinachofanya kazi ya mto Chwaka ni kujaa na kupwa. Bahari hujaa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi, kwa hiyo kila siku wakati wake huchelewa kidogo kuliko jana. Mwezi uwapo mpevu au mwandamo, nguvu ya mwezi na ya jua huungana, na siku moja au mbili baadaye huja bamvua, ambapo tofauti ya maji makuu na maji madogo hupita meta 3. Mwezi uwapo nusu huja maji mafu, na tofauti hupungua hadi kama meta moja. Kwa kuwa katika pwani ya Zanzibar bamvua hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku, kazi zote za pwani zimepangwa kwa saa hiyo. Kalenda ya mwezi inatawala kazi za kijiji hiki kuliko ile iliyotundikwa ukutani.

Msomaji anaweza kufanya hesabu ya haraka. Meta 3 za maji, zikitandazwa juu ya eneo la wastani wa kilometa za mraba 35, ni zaidi ya meta za ujazo milioni 100. Kiasi hicho huingia na kutoka kila mara siku za bamvua kupitia milango ya mwamba. Maji yanayoingia ni safi na baridi, kwa sababu nje ya mwamba unapita mkondo wa bahari unaokwenda kaskazini mwaka mzima. Upepo wa kusi huuharakisha, na kaskazi huupunguza kasi.

Hata hivyo si kila pembe ya ghuba hunufaika sawa. Sehemu za mbele, karibu na mlango, husafishwa vizuri. Kule nyuma kabisa, ndani ya mikoko, maji huingia kwa mikondo myembamba, mkubwa wao ukiwa Mapopwe, na maji yaleyale huweza kwenda mbele na kurudi nyuma mara nyingi kabla ya kufika nje. Wakati wa masika maji ya mvua yanayotoka ardhini hupunguza chumvi yake. Wakati wa kaskazi, jua la Januari na Februari huyakausha na kuyafanya kuwa na chumvi kuliko bahari yenyewe. Na katika madimbwi yanayobaki juani wakati wa kupwa, joto huweza kupita digrii 35 za sentigredi. Tarakimu hiyo ina uzito, kama itakavyoonekana baadaye.

MCHANGA UOTAO

Mtu akichota gao la mchanga wa Chwaka na kuutazama kwa kioo cha kukuzia, hataona chembe za mawe yaliyosagwa na mto. Ataona vipande vya makombe, vigamba vya viumbe vidogo sana, na hasa vipande bapa vyeupe mithili ya sarafu ndogo zilizotobokatoboka. Vipande hivyo ni mabaki ya mmea. Ni aina ya mwani wa kijani iitwayo Halimeda, ambayo mwili wake ni mnyororo wa vipande vilivyounganishwa ncha kwa ncha. Mmea huu huchukua chokaa iliyoyeyuka majini na kuijenga ndani ya mwili wake. Kipande kipya huota usiku kikiwa cheupe na laini. Alfajiri hugeuka kijani, na baada ya hapo huanza kuwa kigumu. Mmea ukifa au ukivunjika, vipande hutawanyika, rangi hupotea, na chokaa hubaki. Katika ghuba hii Halimeda huota kwa wingi katikati ya majani ya bahari, na sehemu kubwa ya mchanga imetokana nayo.

Mchanga wa Chwaka, kwa hiyo, huota ndani ya ghuba, na kinachouzuia usichukuliwe na maji ni mimea mingine, yaani majani ya bahari, ambayo siku hizi huitwa pia nyasi bahari. Inafaa kuyatofautisha na mwani. Mwani hauna mizizi ya kweli wala maua. Majani ya bahari ni mimea ya maua iliyorudi baharini kutoka nchi kavu zamani sana. Yana mizizi, yana shina linalotambaa chini ya mchanga, na yana chavua inayosafirishwa na maji. Katika Ghuba ya Chwaka zimehesabiwa aina 11, idadi kubwa kwa mahali padogo kama hapa. Majani yake hupunguza kasi ya mkondo, hivyo chembe zilizokuwa zikielea hutua. Mashina na mizizi huzifunga chembe hizo zisiondoke tena. Hata rutuba hutengenezwa humuhumu kwa sehemu. Vimelea vidogo viitwavyo sayanobakteria, vinavyoishi juu ya majani, juu ya matope na kwenye mizizi ya mikoko, hunasa naitrojeni ya hewa na kuigeuza kuwa chakula cha mimea.

Nyuma ya majani hayo husimama mikoko. Mlilana na mkoko wenyewe, ambao mizizi yake imepinda kama miguu ya kaa, huvumilia maji mengi. Mkandaa na mchu hukaa mahali pakavu zaidi, na mchu hutoa ardhini vijiti vya kupumulia vilivyochongoka kama penseli. Miti hii imejenga nyumba za Zanzibar kwa boriti zake, na boriti za pwani ya Afrika ya Mashariki zilisafirishwa kwa majahazi hadi Uarabuni na Ghuba ya Uajemi, ambako miti ya kuezekea ilikuwa adimu. Chwaka ilitoa pia kuni nyingi kwa ajili ya mji na kwa matanuri ya chokaa. Tangu mwaka 2004 sehemu ya msitu huu imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka.

CHAKULA CHA SAMAKI

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba mikoko ndiyo inayowalisha samaki wa laguni za namna hii, kwa majani yake yanayooza. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Uholanzi walilichunguza jambo hilo Chwaka. Walitumia tofauti ndogo ya kaboni. Katika majani ya mkoko kaboni nzito, yaani kaboni 13, ni kidogo kuliko katika majani ya bahari, na tofauti hiyo huhamia katika nyama ya samaki kufuatana na chakula alichokula. Kwa kupima nyama, mtu hujua samaki amelishwa na shamba gani. Ilionekana kwamba samaki wanaokaa ndani ya mikondo ya mikoko hupata kwa kiasi fulani chakula kitokacho kwenye mikoko, lakini wengi wa samaki wa ghuba hutegemea chakula cha majani ya bahari. Mikoko ni nyumba yao zaidi kuliko jiko lao. Samaki kama changu huonekana wakiwa wadogo katika mikoko na majani, na wakiwa wakubwa huonekana zaidi mwambani. Anayevua nje ya mwamba anavuna kilichokulia ndani.

Mvuvi wa dema amekwisha kuyajua haya bila ya mitambo. Samaki wake mkuu ni tasi, ambaye hula majani na mwani, na dema hutegwa kwenye majani likiwa na chambo cha mwani. Mvuvi wa juya hufanya kazi kwa njia nyingine. Wavu mrefu wenye uzito chini hukokotwa juu ya majani, na watu wakiwa majini huwafukuzia samaki ndani yake. Wavu huo huondoka na samaki wadogo kwa wakubwa, na humo njiani hung'oa majani na kuvunja Halimeda. Katika miaka ya 1990 palitokea ugomvi mkali juu ya jambo hili, hasa baina ya wavuvi wa Chwaka na wa Marumbi. Si haki kuwaona watu wa juya kama wapumbavu. Kijana asiye na ngarawa wala madema hupata kazi ya siku katika juya, na siku hiyo watoto wake hula. Lakini majani ya bahari hutambaa taratibu sana, na kovu la uwanja uliong'olewa huweza kubaki kwa miaka. Pale ambapo mto upo, mafuriko huleta udongo mpya na mbolea mpya. Chwaka hakuna wa kuleta, kwani viwanja vilivyong'olewa ndivyo vilivyokuwa kiwanda.

MWANI NA JOTO

Watumiaji wengine wa ghuba ni wanawake. Kazi yao ya asili ni kufukia makumbi ya nazi katika matope ya pwani kwa miezi kadhaa mpaka yaoze, kisha kuyafukua, kuyatwanga na kusokota kamba. Mwaka 1989 kilianza katika pwani ya mashariki ya Unguja kilimo cha mwani wa biashara, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, baada ya utafiti wa muda mrefu uliohimizwa na Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kikaenea upesi hadi Chwaka. Vijiti huchomekwa mchangani, kamba hufungwa kati yake, na vipande vya mwani huning'inizwa katika kamba. Mwani mkavu hutolewa karajini, kitu cha kuzitia uzito aiskrimu, dawa za meno na vyakula vingi vya viwandani. Wakulima wengi mno ni wanawake, na kwa wengi wao hizo zilikuwa fedha za kwanza zilizopitia mikononi mwao wenyewe. Nyumba za mawe zilijengwa na ada za shule zikalipwa.

Kilimo hiki nacho kiligusa majani ya bahari. Uchunguzi uliofanywa Chwaka ulionyesha kwamba chini ya kamba majani ni machache zaidi, na wanyama wadogo wa mchangani pia hupungua, kwa kuwa mwani huzuia mwanga na wakulima hukanyaga au hung'oa majani ili kusafisha shamba. Lakini taabu kubwa zaidi imetoka kwenye joto. Aina mbili hulimwa, spinosumu na kotonii. Kotonii ina bei nzuri zaidi, nayo ni dhaifu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 imekuwa ikifa katika maji haba. Ncha zake huwa nyeupe, hulainika na kukatika, na mwani mwingine mdogo huota juu yake kama ukoga. Spinosumu nayo, iliyodhaniwa kuwa ngumu, imeanza kuugua katika misimu ya joto kali.

Sababu iko katika umbo la ghuba lililoelezwa hapo juu. Shamba la mwani limewekwa kwenye maji haba kwa makusudi, ili mkulima alifikie kwa miguu wakati wa kupwa. Mahali hapohapo ndipo jua la saa nne hadi saa nane huchemsha maji yaliyobaki. Bahari kwa jumla ikipata joto kidogo tu, maji yanayoingia asubuhi huwa tayari yamekaribia kikomo, na dimbwi la adhuhuri hukivuka. Mwaka 1998, bahari ilipopata joto lisilo la kawaida, matumbawe mengi ya Afrika ya Mashariki yalipauka na kufa. Mwaka 2016 upaukaji ulirudi.

Watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, iliyoko mjini Zanzibar tangu mwaka 1978, wamekuwa wakijaribu pamoja na wakulima kuhamisha kotonii kwenda maji ya kina kirefu, ambako kupwa hakuuachi mwani juani. Kamba huelezwa kwa maboya na kushikiliwa kwa nanga, au mwani hutiwa katika nyavu zilizoshonwa kama mifereji ili usikatike kwa mawimbi. Mwani huota vizuri huko. Lakini shamba la kina kirefu halifikiwi kwa miguu. Linahitaji chombo, na vyombo ni vya wanaume. Linahitaji pia kujua kuogelea, na wanawake wengi wa vijiji hivi, waliokulia hatua chache kutoka baharini, hawakufundishwa. Pwani ya mashariki yameanza mafunzo ya kuogelea kwa wanawake na wasichana, na vikundi vichache vya wakulima vimepata mashua zao. Wengine bado huenda kwa miguu saa nne ya bamvua, na hufunga spinosumu.